Mistari Miwili Ndani ya Mfupa

Kazi hii huanza na kalenda. Mgonjwa hukabidhiwa vidonge vya tetrasaiklini, dawa ya zamani ya kuua bakteria, pamoja na karatasi yenye tarehe zilizozungushiwa wino. Atameza kwa siku 3, ataacha kwa siku 14, kisha atameza tena kwa siku 3. Hana bakteria wa kuuawa. Dawa hapa imeitwa kwa shughuli nyingine kabisa: kuweka alama ndani ya mfupa mara mbili, ili baadaye mtu aliyekaa mbele ya hadubini apime umbali kati ya alama ya kwanza na ya pili, ajue mfupa huo unajengwa kwa kasi gani.

Maagizo ni machache lakini hayana mzaha. Asimeze vidonge na maziwa wala mtindi, wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu, wala dawa ya kiungulia. Tetrasaiklini ikikutana na kalsiamu huing'ang'ania. Zikikutana tumboni zitashikana hukohuko na kutoka pamoja chooni, na mfupa hautapata kitu. Lakini ikifaulu kuingia kwenye damu, kung'ang'ania huko ndiko kunakotafutwa: itatua pale tu kalsiamu inapotua upya, kwenye ukingo mwembamba ambako mfupa laini unageuka kuwa mgumu. Ndiyo sababu madaktari huwanyima wajawazito na watoto wadogo dawa hii, kwa kuwa meno yanayoota huibeba na kubaki na rangi ya manjano au kahawia maisha yote. Doa lile linalochukiwa kwenye jino ndilo wino wa kazi hii.

Kwa nini kujisumbua hivyo, na mashine ya kupima uzito wa mifupa ipo? Mtu mzima ana karibu kilo 1 ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Akiba hiyo haikai kimya. Kuna seli zinazochimba mfupa mkuukuu, ziitwazo osteoklasti, na nyuma yake huja osteoblasti, zinazojaza shimo lililochimbwa. Kuchimba huchukua wiki chache. Kujaza huchukua miezi. Kwa hesabu ya jumla, karibu sehemu 1 ya 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Mashine ya miale huonyesha kilichopo siku ile ya kupimwa. Haiwezi kusema kama kinapungua kwa sababu wachimbaji wamezidi au kwa sababu wajenzi wamelala.

Mtu akipita mara moja kwenye nyumba inayojengwa ataona urefu wa ukuta, lakini hatajua mwashi ni mwepesi au mzito wa mkono. Mpaka aweke alama ya chaki leo kwenye tofali la juu, arudi baada ya wiki mbili aweke nyingine, apime katikati.

Na wingi pekee huweza kudanganya vibaya. Wenyeji wa Arusha na Meru wanaijua floraidi kwa meno ya kahawia. Ikizidi zaidi na kwa miaka mingi, huingia mifupani na kuifanya ionekane mizito kwenye picha, ilhali uimara wake umeharibika. Miaka ya 1980 madaktari wa Marekani waliwapa floraidi wanawake wenye mifupa dhaifu, wakiamini kwamba uzito ni nguvu. Matokeo yaliyochapishwa 1990 yalionyesha mifupa ya mgongo imeongezeka uzito kweli, ila kuvunjika kwa pingili hakukupungua kwa kiasi cha kutegemewa, na mifupa mingine ilivunjika zaidi.

Zipo njia nyingine za kukadiria mzunguko wa kalsiamu. Vipo vipimo vya damu vinavyonasa vipande vya kolajeni vinavyobaki mfupa unapovunjwa au kujengwa. Ni vyepesi kwa mgonjwa, lakini kimojawapo hupanda alfajiri na kushuka mtu akila, na figo zikiwa mbovu hesabu yake hupotea. Wapo pia wanaopima isotopi za kalsiamu kwenye mkojo. Mfupa hupendelea kidogo zile nyepesi, hivyo ukianza kumeng'enyeka, mkojo hupata kalsiamu nyepesi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakishirikiana na NASA, walichapisha 2012 kwamba waliweza kuona badiliko hilo kwa watu waliolazwa kitandani bila kunyanyuka, baada ya siku kama 10 tu. Ni kazi nzuri, nami naiheshimu. Ila mkojo ni jumla ya mwili mzima, hauonyeshi ni ukuta gani umesimama na kwa nini. Kwa swali hilo bado mtu hurudi kwenye vidonge, kalenda na kisu.

Wazo lenyewe lilitoka mezani. Mwaka 1736 daktari mpasuaji wa London, John Belchier, alialikwa chakula kwa mtu wa kutia chapa vitambaa vya pamba, akaandaliwa nguruwe ambaye mifupa yake ilikuwa myekundu. Aliuliza. Nguruwe huyo alilishwa pumba zilizotumika kusafishia vitambaa vilivyotiwa rangi nyekundu ya mizizi ya mmea wa rubia. Wengi wangeendelea kula. Belchier alikwenda kulipeleka jambo hilo kwa wanasayansi wenzake. Muda mfupi baadaye, Ufaransa, Duhamel du Monceau aliwalisha wanyama rangi hiyo kwa vipindi, akaacha, akarudia, na alipokata mifupa akakuta tabaka nyekundu na nyeupe zikifuatana. Zaidi ya karne mbili zikapita kabla ya kupatikana rangi ambayo mtu aliye hai angeweza kumeza bila hofu. Mwaka 1957 Robert Milch na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi tetrasaiklini inavyong'aa kwenye mfupa chini ya mwanga wa urujuanimno, na Harold Frost, mpasuaji wa mifupa huko Detroit, akaigeuza habari hiyo kuwa kipimo. Alifanya hivyo kwa subira ya ajabu, akianza na mbavu za watu, mstari kwa mstari, miaka ile ya 1960 ambapo hesabu zilifanywa kwa mkono.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kati ya siku 5 na 14 hivi, huingia chumba cha upasuaji mdogo. Kipande huchukuliwa kwenye mfupa wa nyonga, upande wa mbele, kama sentimita 2 nyuma ya ile nundu ambayo kila mtu anaweza kuipapasa kiunoni na sentimita 2 chini ya ukingo. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu hapana mshipa mkubwa wala kiungo cha hatari, na kwa sababu sasa kuna miongo ya vipimo vya kulinganisha kutoka palepale. Ganzi hupigwa mpaka kwenye utando wa mfupa, nje na ndani, maana utando ndio wenye maumivu. Kisha bomba la chuma lenye meno mdomoni, upana wake wa ndani milimita 7.5, huzungushwa polepole kulia na kushoto.

Hapa tayari mtu hutofautishwa na mkono wake. Mpasuaji mwenye haraka husukuma, na akisukuma, zile nguzo nyembamba za ndani ya mfupa hupondeka. Kipande kitatoka, kitaonekana kizima kwa macho, kumbe hakipimiki. Anayejua kazi huyaacha meno yakate yenyewe na mkono uyasindikize tu, mpaka ahisi ukinzani wa ukuta wa pili umekwisha. Kinachotoka ni mche mfupi: ukuta mgumu wa nje, katikati sponji ya mfupa yenye uboho mwekundu, na ukuta mgumu wa ndani. Kuta zote mbili lazima ziwepo. Zikikosekana, kazi yote inayofuata itakuwa na walakini.

Mche ule hutumbukizwa mara moja kwenye spiriti ya asilimia 70. Katika maabara nyingi za kawaida kipande cha mfupa hutiwa formalini, kisha huloweshwa kwenye asidi ili kiwe laini na kikatike kwa urahisi. Kwa kazi hii asidi ni adui. Itaondoa kalsiamu, na kalsiamu ikiondoka tetrasaiklini huondoka nayo. Halafu haitawezekana tena kutenganisha mfupa uliokwisha kugumu na ule laini, osteoidi, unaosubiri madini. Fundi wa maabara amekatazwa njia ya mkato iliyo wazi mbele yake. Inambidi akate mfupa ukiwa mgumu vilevile ulivyokuwa mwilini, tena kwa unene mdogo kuliko upana wa chembe nyekundu ya damu.

Jibu ni kuuzungushia mfupa kitu kigumu kama wenyewe. Kwanza maji yote hutolewa kwa kupandisha nguvu ya spiriti hatua kwa hatua: asilimia 70, 95, halafu ile kamili, kila hatua kwa siku yake. Kisha mafuta ya uboho huyeyushwa kwa zailini. Baadaye mfupa huzamishwa kwenye kimiminika chenye harufu kali, methili methakrilati, ambacho kikigeuka kuwa kigumu ni plastiki ileile angavu inayotengeneza vioo visivyovunjika. Ndugu yake hutumiwa na wapasuaji kama saruji ya kushikiza nyonga bandia. Kimiminika hubadilishwa mara kadhaa, kwenye baridi, na chupa hutolewa hewa kwa pampu ili viputo vidogo vilivyojificha kwenye sponji ya mfupa vitoke. Ukitazama chupa wakati huo utaona vikipanda kimoja kimoja. Fundi hungoja mpaka viishe.

Halafu huja hatua ya kugandisha, ambayo kwangu ndiyo inayopima tabia ya mtu. Kimiminika huchanganywa na kichocheo kidogo na kilainishi kidogo, na chupa huwekwa kwenye beseni la maji yenye joto la wastani. Plastiki hii ikiganda hutoa joto lake yenyewe. Ukiongeza moto upate matokeo kesho, joto litapanda ghafla, plastiki itachemka, na mfupa utabaki umezungukwa na povu lililoganda lisilokatika wala kurekebishika. Mgonjwa hataombwa alale tena mezani atolewe kipande cha pili kwa sababu fundi alitaka kuwahi. Kwa hiyo chupa hukaa siku kadhaa. Kuanzia spiriti ya kwanza mpaka plastiki ngumu, wiki hupita, na hakuna kitu cha kumwonyesha daktari anayepiga simu kuuliza majibu.

Siku ya kukata, chupa huvunjwa, gogo la plastiki hupunguzwa kwa msumeno na kusuguliwa mpaka uso wa mfupa utokeze. Linapofungwa kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia, fundi hulizungusha kidogo huku na kule ili mche ulale sawa na kuta zote mbili zikutane na kisu kwa wakati mmoja. Mashine ya kazi hii ni nzito, na uzito wake una maana: ikitetemeka kidogo tu, kipande kitatoka na mawimbi. Kisu chake ni cha tangsteni kabidi, maana chuma cha kawaida hupoteza makali baada ya mikato michache kwenye mfupa. Fundi hukihifadhi kwenye sanduku lake, hakiazimishi, na hujua ni sehemu gani ya makali imeshatumika.

Ukisimama nyuma yake utaona jinsi mambo yanavyofuatana. Brashi huchovywa kwenye spiriti nyepesi na kupakwa juu ya gogo. Husubiri sekunde chache uso unyonye. Mkono wa kulia huanza kuzungusha gurudumu, bila kukaza wala kusitasita, na kisu kinapogusa plastiki hutoa mvumo mmoja mwembamba. Mvumo ukikatika, amekwishajua kwamba kuna ufa au kisu kimegonga mahali pagumu, na husimama kabla jicho halijaona lolote. Mkono wa kushoto wakati huo umeshika brashi nyingine kavu. Kipande kinapoanza kutoka hutaka kujikunja. Ncha ya brashi hukikalia mdomo wake kwa uzito mdogo mno, kikatoka kimenyooka, utando unaopitisha mwanga, wenye kivuli cha mfupa katikati. Mikromita 5. Hukinyanyua kwa kibano kwenye kona ya plastiki, kamwe si penye mfupa, na kukilaza juu ya tone la spiriti kwenye kioo.

Kukata ni nusu. Kipande kwenye kioo kina mikunjo, na kila mkunjo ni uongo, kwa sababu mahali palipokunjika mfupa huonekana mara mbili. Fundi hukivuta kwa brashi kutoka katikati kwenda pembeni, anaongeza tone, anavuta tena. Hukifunika kwa karatasi ya plastiki, hukipitishia kigurudumu cha mpira, kisha vioo hupangwa vikiwa vimebanwa pamoja na kulala usiku kucha kwenye tanuri ya joto dogo. Baada ya kukata seti moja, fundi hupita mikromita 200 hivi bila kuhifadhi kitu, ndipo hukata seti ya pili, ili kona ileile ya mfupa isihesabiwe mara mbili.

Sehemu ya vipande hutiwa rangi. Kwa njia ya Goldner, mfupa mgumu hutoka kijani na osteoidi hutoka nyekundu ya chungwa, ikiwa ukanda mwembamba juu ya kijani. Kwa njia ya von Kossa, chumvi ya fedha hugeuza madini kuwa meusi tititi. Rangi hizi si mapambo. Ukanda mwekundu katika mfupa mzima una unene wa mikromita 10 hivi. Ukizidi sana, maana yake wajenzi wanamwaga msingi lakini madini hayafiki kuugumisha. Ipo pia rangi ya kutafuta alumini, na kuwepo kwake kuna kisa. Miaka ya 1970, Newcastle nchini Uingereza, wagonjwa waliosafishwa damu kwa mashine walianza kuvunjika mifupa na kuchanganyikiwa akili. Chanzo kilikuwa alumini iliyomo kwenye maji ya bomba yaliyotumika kwenye mashine zile. Kwenye mifupa ya wagonjwa wa namna hiyo, rangi ilichora mstari mwekundu palepale ambapo kalsiamu ilipaswa kutua.

Vipande vyenye mistari ya tetrasaiklini havitiwi rangi kabisa. Hivi hukatwa vinene zaidi kidogo, mikromita 10 hivi, ili mwanga ukutane na dawa ya kutosha, na huwekwa gizani kwa kuwa mwanga huifubaza. Chumba huzimwa taa. Hadubini hurusha mwanga wa urujuanimno au wa buluu, na mfupa, ambao mchana ulikuwa kivuli tu, huonekana kijani hafifu huku kando ya nguzo zake kukiwa na mistari ya manjano ya dhahabu. Mahali pengine mstari ni mmoja. Mahali pengine ni miwili, sambamba, ikifuata kila kona ya mfupa. Mstari wa ndani ni wa zile siku 3 za kwanza. Wa nje, ulio karibu na uboho, ni wa siku 3 za mwisho. Katikati yake kuna giza la wiki mbili za maisha ya mtu ambaye kipindi hicho alikuwa akienda kazini, akila, akilala, wala hakuhisi kitu.

Zamani mpimaji alitumia kioo kilichochorwa gridi ndani ya jicho la hadubini. Watafiti Merz na Schenk walitoa 1970 gridi yenye mistari ya nusu duara, na werevu wake uko hapo: nguzo za mfupa huwa zimeelekea upande fulani, hivyo mistari iliyonyooka ingezipendelea zingine na kuzikosa zingine. Mpimaji alihesabu kila mahali mstari wa gridi ulipokata ukingo wa mfupa, akibonyeza kihesabio kwa kidole. Siku hizi kompyuta huonyesha picha na mtu hufuatisha kingo kwa kalamu ya kielektroniki. Kompyuta hupiga hesabu. Kuamua kama doa lile la manjano ni mstari wa kweli au vumbi linalong'aa, hilo bado ni la mtu. Na huliamua mara mia kadhaa kwa kipande kimoja cha mgonjwa mmoja, akienda kwa vituo vilivyo sawasawa, bila kuruka mahali pabaya na bila kuchagua mahali pazuri. Naamini hiki ndicho kipaji kikubwa zaidi katika kazi nzima. Jicho hupenda mistari iliyopendeza, na mpimaji amejifunza kutolipa linachopenda.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme umbali wa wastani kati ya mistari ni mikromita 12. Kisu hakikukata kila mahali wima kabisa, kwa hiyo umbali huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na huzidishwa kwa 0.785 kurekebisha; tunapata 9.4. Kutoka katikati ya siku 3 za kwanza hadi katikati ya siku 3 za mwisho ni siku 17. Gawanya: mikromita 0.55 kwa siku. Kwa mwendo huo, milimita 1 ya mfupa ingechukua karibu miaka 5. Kisha hupimwa ni sehemu gani ya uso wote wa mfupa ina mistari, kwa desturi ya kuhesabu penye miwili kikamilifu na penye mmoja kwa nusu. Zidisha kasi kwa sehemu hiyo, na unayo kadirio la mfupa mpya unaojengwa.

Kwa muda mrefu kila maabara iliita vipimo hivi kwa majina yake, na namba za mji mmoja hazikuweza kulinganishwa na za mji mwingine. Mwaka 1987 kamati iliyoongozwa na Michael Parfitt ilipanga majina na vipimo vya pamoja. Ni waraka mkavu kusoma, na sidhani kama kuna kazi iliyosaidia fani hii zaidi ya huo.

Ugumu mkubwa huja pale ambapo hakuna mstari. Mpimaji mchanga ataandika kwamba mfupa umelala. Mzoefu hataandika chochote kwanza. Je, mgonjwa alimeza vidonge? Alimeza na chai ya maziwa? Kipande kilikaa muda mrefu kwenye dawa isiyofaa, mistari ikachujuka? Hutafuta ile karatasi ya tarehe na kuhakikisha. Hurudi kwenye vipande vyote, vya seti zote, na kupekua hata kuta ngumu za nje, ambako watu hawapendi kupima, akitafuta hata mstari mmoja uliofifia. Akiupata mahali popote, basi dawa ilifika, na ukimya wa sehemu nyingine ni wa mfupa wenyewe. Mistari ikiwepo lakini imetapakaa bila ukingo, huyapeleka mawazo yake kwenye ule ukanda mwekundu wa Goldner. Ukiwa mnene pia, na hesabu ikionyesha osteoidi inasubiri madini kwa zaidi ya siku 100, hiyo ni osteomalesia, na pengine mgonjwa anahitaji vitamini D au fosfeti kuliko dawa yoyote ya gharama.

Kazi hii haifanywi kwa kila mtu mwenye mifupa dhaifu, wala haifai ifanywe. Maabara zinazoiweza ni chache duniani, na kumfundisha mkataji mmoja hadi aaminike si jambo la semina ya wiki moja. Wanaoihitaji zaidi ni wagonjwa wa figo, kwa sababu kwao vipimo vya damu huchanganya na picha za miale hazitofautishi. Wataalamu wa figo hulitazama jibu kwa mambo matatu: kasi ya mzunguko, ugumishaji na wingi wa mfupa.

Chukua wagonjwa wawili wanaosafishwa damu, wote wamevunjika nyonga, wote uzito wa mifupa yao umeshuka karibu sawa. Kwa wa kwanza mistari miwili imejaa kila upande, na mashimo ya osteoklasti yako kando yake: tezi za parathairoidi zinausukuma mfupa ujengwe na kubomolewa mbio kuliko unavyoweza kuhimili. Daktari ataongeza dawa za kuzituliza tezi hizo, au atampeleka zikatwe. Kwa wa pili, baada ya upekuzi wote ule, kumepatikana mistari michache mifupi na myembamba, na osteoblasti hazionekani. Mfupa wake umezimwa, mara nyingi kwa dawa zilezile za kutuliza tezi pamoja na kalsiamu aliyokuwa akipewa kwa nia njema. Kwake daktari atazipunguza hizo, aache tezi zianze tena kuamsha mfupa, na kwa sasa hatamwandikia dawa za kuzuia kuvunjwa kwa mfupa, maana hakuna kinachovunjwa.